Sekunde Arobaini

Simu ilinikuta Muheza, mkono ndani ya chandarua,
jicho kwenye hadubini ya kuazima.
"Dokta Semkuya? Mgeni wetu kapata dharura.
Saa mbili usiku uko hewani. Njoo na jambo moja tu."

Jambo moja. Miaka kumi na tisa nimekaa na mdudu huyu,
nimempasua tumbo, nimemlisha damu ya mkono wangu wa kushoto
(wa kulia nauhitaji kuandikia),
nikaandika kurasa walizozisoma watu sita,
wawili kati yao kwa kulazimishwa.
Nilidhani elimu ni kisima: wenye kiu watakuja.
Kumbe kisima nacho kina siku ya kwenda kupiga hodi.

Studio iko Ngamiani, juu ya duka la misumari na rangi.
Mwinjuma, mtayarishaji, akaitazama blauzi yangu:
"Mistari hii itachemka kwenye kamera."
Akanivika koti la mhasibu, la bluu, mikono mirefu kuliko yangu,
akanipaka poda, akapitisha waya mgongoni,
kisha kwa upole wa mng'oa meno:
"Usiseme Anofelesi. Sema mbu."
"Mbu yupi?"
"Mbu, dokta. Mbu wa watu wote."
"Kwa muda gani?"
"Sekunde arobaini."
Arobaini! Hata mbu mwenyewe hajashiba.

Taa zikawaka. Kiswahili kikanitoroka.
"Tafiti zinaonesha kwamba, kwa kiasi fulani, na kwa kutegemea..."
Nyuma ya kioo macho ya Mwinjuma yalikuwa yanazimika
moja baada ya jingine.

Ndipo alipotua.
Kwenye kifundo cha mkono wa Mwanasha, mtangazaji,
kando ya bangili, katika mwanga wote ule.
Mwanasha akainua mkono wa pili.
"Usimpige," nikasema, na sauti hiyo naijua,
ndiyo ninayowatolea wanafunzi alfajiri, mitaroni.
"Tazama alivyokaa. Angekuwa wa malaria angebinuka,
kama mtu anayechungulia mvunguni.
Huyu kalala sambamba na ngozi.
Huyu katoka nyuma ya jengo lenu hili,
kwenye lile shimo la choo lisilo na mfuniko.
Huyu ni wa matende. Huyu ni wa mabusha."

Neno hilo, hewani, watu wana matonge mikononi!
Mpiga picha alitikisika kwa kicheko,
mbu akaonekana anacheza.
Mwanasha hakupumua. Dakika mbili na nusu
Tanga ikamtazama mbu akijaa, akiwa mwekundu, akiwa mzito.
"Sasa?" Mwanasha akanong'ona.
"Sasa mpige."

Chini kwenye kioo jina langu walilipatia.
Cheo ndicho kilichoongezwa silabi:
MTAALAMU WA MBUNI.

Kesho yake simu kumi na moja.
Tisa za miche ya kahawa, Amani na Lushoto.
Moja ya mtu wa Pongwe anayetaka kufuga:
yai la mbuni ni shilingi ngapi, na je, anapiga teke?
Ya mwisho, mwanamume asiyejitaja.
Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika,
kisha akauliza, kwa niaba ya jirani,
kama busha la miaka tisa bado linapasulika.
Nikampa jina la daktari, na siku ya kliniki.
"Nitamwambia jirani," akasema. Akashukuru mara tatu.

Jioni Mwinjuma akapiga. "Jumanne tuna bei ya vitunguu."
"Sivijui vitunguu."
"Sura yako imeshazoeleka, dokta. Utasema chochote."
"Sivijui, Mwinjuma. Yupo Shekiondo, bwana shamba wa Mombo,
anavijua hadi vinavyoota usingizini.
Ana kigugumizi. Mpe dakika tatu,
mpe kitunguu mkononi, na kisu."

Kimya. Nikasikia kalamu ikiandika.

"Huyo Shekiondo," akauliza,
"anavaa mashati ya mistari?"