Rula ya Ukutani

Machi inakwisha. Fundi Mbaraka yuko juu ya bati,
anaziba matundu ya misumari kwa lami na vipande vya ndala.
Chini, mimi na Tausi tunainua friji:
tofali moja, la pili,
la tatu la Mama Chausiku, aliyehama Kigogo,
hatalidai.
Maji yakija ya kawaida, yatatosha.

Vyeti, hati ya kiwanja, picha ya baba
vimo ndani ya ndoo ya rangi, mfuniko umekazwa.

Fundi anashuka, anauona mstari wa tope ukutani,
usawa wa kifua changu.
"Rangi imebaki. Niufute?"

Uache.
Tausi anausogelea, kisogo ukutani, visigino chini.
Mwaka juzi ulimpita utosi.
Leo umemgota puani.