Hatumo Kwenye Tangazo

Limebandikwa langoni mwa uwanja,
karatasi moja, gundi ya unga, picha ya kitambulisho.
Limemtaja mjane, limetaja watoto wanne,
mashemeji wa Kakamega, wajomba wa Butere,
kanisa, na kiwanda cha sabuni alikokesha zamu.
Nimelisoma hadi chini kabisa, hadi namba ya mchango.
Sisi hatumo.

Sisi wa jukwaa la saruji, upande wa jua,
tuliomwita Kufuli kabla mkewe hajajua
kwamba Meshaki Ambundo ana jina la pili.
Miaka kumi na mmoja tulimjua kwa mgongo:
namba moja iliyoshonwa kwa mkono, imepinda kama ndizi.
Tulijua goti gani humuuma Julai, Nairobi ikipiga ukungu.
Tulijua atatemea glavu mara tatu,
aguse nguzo ya kushoto, aguse ya kulia,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe,
halafu aruke, apapase mtambaa panya,
ndipo refa apulize.
Nani kwenye tangazo anayajua hayo?

Lakini kabla sijalia na wenzangu niseme hili.
Ile Jumapili ya mvua, tukicheza na watoto wa Makongeni,
mpira ulimpita katikati ya miguu
polepole, kama kuku anayeingia jikoni.
Nikapanda juu ya benchi nikamtukana.
Sikumtukana yeye tu. Nilimgusa mama yake.
Uwanja wote ulikuwa umeshika vichwa, kimya,
sauti yangu ikafika mzima mzima.
Aligeuka. Hakunitafuta, alinipata mara moja.
Akautoa mpira wavuni,
akaupangusa tope kwa tumbo la jezi,
akaupiga kati.

Siku tatu baadaye tukakutana dukani kwa Nyangige,
yeye na pakiti ya maziwa, mimi nikihesabu sarafu.
"Kumbe ni wewe," akasema. "Sauti yote ile,
na mwili wenyewe ndio huu?"
Akacheka mpaka akashika kaunta.
Akanilipia nusu mkate.
Msamaha sikuomba. Niliona msimu bado mrefu.

Ni moyo, wamesema madaktari.
Alianguka kazini, saa tisa usiku,
kati ya mapipa ya mafuta ya mawese,
na hapakuwa na hata mmoja wetu
wa kupiga kelele.

Leo basi la msiba limeondoka na watu sitini na wawili.
Ndugu kwanza, kisha kwaya, kisha wakubwa wa klabu
ambao mshahara wake wa Machi hawajaulipa.
Kiragu amepata pa kusimama karibu na mlango,
ila ameambiwa tarumbeta ibaki.
Ameniachia mimi. Nimeibeba kwapani
kama mtoto wa watu,
tumerudi uwanjani kwa miguu, watu thelathini hivi,
tukakaa palepale pa siku zote, kila mtu na nafasi yake,
hakuna mechi, hakuna tiketi,
kwarara wawili wakidonoa kwenye kona.
Mama Achitsa ametembeza njugu zake bila kuuza,
kila kiganja funda moja.
Tulipiga hesabu: sasa watakuwa Nakuru. Sasa Kericho.
Mtu akasema, ile penalti ya Thika, mnaikumbuka?
Tukaikumbuka. Kila mmoja akaidaka kivyake,
wengine kushoto, wengine kulia,
tukabishana karibu tupigane.
Hapo ndipo nikalia.

Mbele ya goli la kaskazini pana kipara cha udongo,
upana wa mkeka, kirefu kama sahani,
pale miguu yake ilipokataza nyasi kuota.
Jioni Mulandi wa uwanja alifika na ndoo ya mbegu na reki.
Tukateremka wote, tukasimama kandokando.
Tukamwambia, hapo, ngoja kwanza.
Akatutazama, akatazama tarumbeta kwapani mwangu,
akaifunika ndoo.
Hakuuliza mpaka lini.