Kibandani kwa Mbijima, Kibaigwa

Nenda, Sechelela. Mia tano tu,
na benchi la nyuma halina msumari.
Polisi wawili: mmoja kanuni tupu, mwenzake mdomo tupu.
Bastola inatema risasi arobaini bila kujazwa,
gari linalipuka, kofia ya dereva haitikisiki,
na jambazi mkuu utamjua
kabla hujamaliza zabibu zako.
Mwisho wameugandisha kwa ugali.

Cheka, usione haya. Nilicheka hadi jenereta likazima.

Ila kuna pale wamenuniana,
wamelowa, wamejibanza ghalani,
yule mropokaji anavua kiatu
anampa mwenzake soksi moja kavu.
Kimya.

Mimi na Chilongani hatujasemezana
tangu mavuno ya alizeti.
Nilipotoka nikapita kwake.
Hakuwepo.
Kesho nitapita tena.