Karani wa Usaili, Jinja

Meneja kasema tena: "Tumetafuta, hatukupata.
Huko Karamoja mafundi hakuna."
Nikaandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao,
kwa mwandiko wangu mzuri, kalamu ya ofisi.

Lakini tangazo nililibandika mimi:
moja getini, moja klabu ya gofu,
la tatu lilibaki kwenye droo, gundi iliisha.

Na bahasha ya Nakiru Lomuria, fundi umeme,
ilifika Jumanne kutoka Moroto,
vumbi jekundu kwenye mikunjo.
Mmoja akauliza, "Jina hili husomwaje?"
Wakacheka kidogo, si kwa ubaya,
wakachukua ya Isabirye, mpwa wa mhasibu.

Nyumbani Walukuba bomba limekauka, siku ya tatu leo.
Na mchana kutwa, dirishani ofisini,
naiona Naili ikipita, nene, haina haraka.
Jirani anasema mto umepungua.
Haujapungua, Mama Kagoya.
Kuna mtu kafunga koki.

Kesho nitanunua gundi.
Ile bahasha sijaitupa.
Nimeiweka juu ya mafaili yote,
jina likitazama mlango.