Jua la Kumalizia

Gundi bado hukauka kwa dakika nne.
Mwezi ujao itataka nusu saa na pumzi yangu juu yake,
na mteja kasimama kwa mguu mmoja kama korongo,
kaushika ukuta, ananiuliza: bado?

Kwa hiyo leo sina haraka.
Nimeketi Ngara, juu ya kreti la soda lililopinduliwa,
mgongo nimeuachia jua
liniingie mfupa kwa mfupa, niweke akiba.
Najua haliwekeki.
Julai itakapofika na ukungu wake wa kijivu
usionyesha wala kupisha,
nitapapasa mifuko yote nisipate hata senti ya joto.

Kaluki, jirani yangu wa kibanda, anakata tikiti maji.
Vipande vinameremeta chini ya nailoni,
nzi wanazunguka kama watu wenye miadi.
Ameshaniambia: hili ni rundo la mwisho,
au la pili kutoka mwisho,
halafu jiko, halafu mahindi.
Nikanunua kipande cha shilingi ishirini,
nikala hadi kwenye weupe,
hadi kwenye kijani kisicholika,
mbegu nikazitema moja moja
nikihesabu siku.

Msinielewe vibaya.
Mvua ndiyo hunilisha.
Soli huachama, nyuzi huoza,
mji mzima hunijia ukichechemea
nami huvuna matopeni kama mkulima wa nduma.
Karo ya Nasike ilitoka kwenye madimbwi ya Aprili iliyopita.
Mke wangu huamka akitazama upande wa Ngong
kama anayemngoja mgeni mwenye bahasha.
Humwitikia: ndiyo, inakuja.
Moyoni nasema: isije kesho. Isije Ijumaa.

Dalili zipo.
Usiku shuka halikaliki,
sisimizi wamehamisha mayai ukutani,
redio ya kinyozi imeanza kutaja milimita.
Jana mama mmoja kaniletea buti za mpira,
nyekundu, za mtoto, zimepasuka kisigino.
"Ziwahi," akasema, "kabla hatujaogelea."
Nikazificha chini kabisa ya rundo,
chini ya viatu vya bwana harusi
na ndara za bawabu,
kana kwamba mvua husoma foleni.

Saa kumi na moja. Hii ndiyo saa yangu.
Jua limeshuka usawa wa magoti,
na vumbi, lile lile tunalolilaani tangu Januari,
limegeuka unga wa mahindi ya manjano unaopepetwa;
kila mpita njia anatembea ndani yake
akiburuta kivuli kirefu kuliko deni lake.
Shati langu limechora ramani ya chumvi.
Otenyo wa magazeti amevua kofia,
upara wake kauacha uote.
Hatuongei.
Ukisema kitu saa kama hii, unaipunguza.

Alhamisi upepo ulishuka kutoka Limuru
ukiwa na harufu ya udongo wa watu wengine, uliokwisha kulowa.
Kaluki akatazama juu,
akalitazama tikiti lake lililobaki,
akakata pande kubwa kuliko la kawaida
akaniwekea kwenye kreti. Sikuulizwa pesa.

Nikala. Nikafuta mikono.
Nikazitoa zile buti.
Nikazishona mara mbili, nikapaka gundi,
nikahesabu: dakika nne. Tano. Karibu saba.
Nikaingiza mikono ndani yake,
nikazitembeza juu ya vumbi kavu mbele yangu,
hatua ndogo ndogo, kushoto, kulia,
hadi pale kivuli cha jengo kinapoanzia.

Kisha nikazigeuza,
nikazirudisha juani.