Deni la Mita Ishirini na Nane

Asubuhi nilishuka mara tatu
ubavuni mwa visiwa vya Dimaniyati.
Masikio yaligoma mita ya nne, kama kawaida yao.
Nikabana pua, nikapuliza, mlango ukafunguka: tik.

Kisha damu ikakimbia miguuni ikajaa kifuani,
moyo ukapunguza mwendo,
figo zikadanganyika kuwa mwili una maji ya ziada
(ndiyo maana sisi wapiga mbizi wote hukojoa,
tukatae tusikatae).
Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kuaga.
Nilijikata kidole kwenye chaza,
ikanitoka damu ya kijani.

Pumzi moja kule chini ni karibu pumzi nne za juu.
Oksijeni mwili unaitumia.
Naitrojeni haina kazi, ila imeshaingia,
bila hodi, ikajibanza
kwenye mafuta, kwenye maungio, kwenye uti wa mgongo.
Mgeni huyu hata siku ya tatu humpi jembe.
Unamsindikiza tu, polepole.
Ukimfukuza, anavunja nyumba.

Nami nilimsindikiza. Nilining'inia mita tano
dakika tatu kamili, nikitazama mapovu yangu yakitangulia.

Botini, simu: Hilali kapiga mara kumi na moja.
Shangazi Rayya kafariki. Anaoshwa alasiri.
Wanakungoja wewe, Shinuna.

Aliniambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Wete
ambacho miaka hamsini ya Saiq haikukifuta:
Wewe ndiye utakayeniosha.
Mikono yako imezoea maji.

Saiq ni mita elfu mbili juu.
Huko hewa ni nyepesi, na mwili hauulizi
kama unaacha bahari au unapanda mlima;
unajua tu kwamba mzigo unapungua.
Kwangu ile barabara ilikuwa maji bado.
Nilikuwa sijamaliza kuibuka.

Nikamsimamisha Hilali Birkat al-Mauz,
chini ya kizuizi cha polisi.
Hata pale ni juu kidogo kuliko ruhusa; nilikuwa nimeiba.
"Unaumwa?"
"Bado."
"Sasa?"
Nikaingia dukani, nikanunua chupa ya soda,
nikaitikisa, nikaifungua mbele yake.
Ikammwagikia kanzu, kifua chote.
Alijitazama. Akanitazama.
Akapanda peke yake, na doa lake, msibani.

Nikakaa kando ya falaji, migombani.
Saa yangu ya mbizi ilionyesha kindege kidogo
kilichokatwa mstari: saa kumi na tano zimebaki.
Sikuwa na kazi ila kupumua.
Kutoa. Kutoa. Mgeni akitoka kwa punje,
asionekane, asisikike.
Alasiri ilipoadhiniwa nikaosha mikono
hadi viwikoni, kulia kwanza, mara tatu,
kwa maji yaliyoteremka kutoka mlimani,
na hapo ndipo nilipolia, kwa kelele,
mbele ya mwanamume wa Kibangali aliyekuwa akikata majani.
Akazima mashine yake hadi nilipomaliza.

Saa kumi na moja alfajiri kindege kikafutika.
Hilali alikuja, kanzu nyingine, hakusema kitu.
Kona ya nne masikio yakafunguka yenyewe,
tik,
sikubana pua.

Binti yake, Zamzam, alinipa mkono bila kunitazama.
Damu nzito kuliko maji, akasema mtu nyuma ya mlango,
ili nisikie.
Sikujibu. Yangu jana ilikuwa nyepesi,
ilikuwa imejaa hewa; nani angeelewa?

Uani, kambani, kando ya mawaridi yasiyochumwa,
kanga walizomwoshea zilikuwa bado mbichi.
Nikaenda kuzigeuza.