Usikanyage Hapa

Kazi yangu ni maandishi.
"Leo fedha, kesho mkopo."
"Usikojoe hapa, faini elfu hamsini,"
na chini yake, kwa kuwa mwenye ukuta alisisitiza,
picha ya mkasi.
Kuta za Kipawa ukizisoma, umesoma mkono wangu.

Basi Sajinitaji Machibya aliposhuka kwenye gari la jeshi
akiniulizia kwa jina,
mume wangu alitaka kwanza kujua
nimeandika nini, na wapi.
"Tuna ndege," alisema Machibya.
"Inasema lugha mbili, na zote si zetu."

Bandani, Airwing, saa tatu, bati linachemka.
Nayo imetulia, ndogo kuliko mlio wake,
mdomo umechongoka kama wa chuchunge.
Viti viwili: mwanafunzi mbele,
mwalimu nyuma, kainuliwa kidogo
achungulie juu ya bega la mwenziwe.
Nchi mbili ziliiunda.
Hii ilitoa mbawa, ile injini,
na kiunoni ukitazama kwa jicho la mpaka rangi
kijivu kimoja kinaishia, kijivu kingine kinaanza.
Fahali wawili hawakai zizi moja, twasema.
Hawa walikaa, wakapata ndama wa bati,
nani alibeba mimba sijui;
najua kwenye kifuniko cha mafuta
kila mmoja kaandika kwake,
na Machibya anaapa
hata kwenye neno "polepole" hawajaelewana.

Nikakata karatasi ngumu, herufi kwa herufi.
MAFUTA.
USIKANYAGE HAPA, mgongoni mwa bawa.
HATARI: KITI HURUKA.
Hapo nikasita na brashi.
"Kinaruka kweli?"
"Kinaruka," alijibu Luteni Usu Kokubanza
toka kiti cha mbele, anatafuna karanga,
miaka ishirini na mitatu, kucha fupi.
"Ukivuta hapa, ndege inakutema."
"Na mwalimu?"
"Wa nyuma hutoka kwanza.
La sivyo moto wa kiti changu ungemwunguza uso."
Nikachovya rangi, nikalitafuna hilo:
shule ambayo mambo yakiharibika
mwalimu ndiye atanguliaye mlangoni,
na hiyo ndiyo adabu.

Kisha nikainama chini ya bawa.
Kulabu mbili huku, mbili kule,
zina grisi, hazijabeba kitu.
"Na hizi?"
"Hii ni ndege ya shule," alisema Machibya.
Nikamtazama.
"Ya shule. Ila ikitumwa, inakwenda."

Mimi nilikuwa Gongo la Mboto
usiku ule wa Februari, ghala lilipolipuka.
Nilikimbia nimebeba ndoo.
Tupu. Mtoto alibebwa na jirani.
Najua kinachoning'inizwa kwenye kulabu kama hizi
hakisomi kibao.

"Hapa niandike nini?"
Machibya alijikuna shingo.
Kokubanza aliacha kutafuna.
"Acha wazi," alisema sajini,
nami nikaacha wazi,
nikaosha brashi, nikadai hela ya tapentaini.

Alhamisi iliyofuata niko juu ya ngazi,
bucha la Kiswaga,
nimemaliza NYA, naanza M,
anga likachanika
kama jora la khaki dukani, kwa mikono miwili.
Nilijua ni yeye.
Ilikunja kona upande wa Pugu kwa wasiwasi kidogo,
ikajisahihisha,
kama mtu anayejifunza sahihi yake.
Nyuma yake, sharti, yupo anayechungulia.
Kulabu sikuziona.
Labda ilikuwa mbali. Labda sikutazama.

Mkono ukateleza. Mguu wa M ukashuka
ukapita mstari, ukamfikia ng'ombe niliyemchora jana,
ukamgusa pembe.
Kiswaga alitoka na kisu, akatazama juu,
akatazama ukuta.
"Usifute," alisema. "Wengine wataandika tarehe."
Nikashuka ngazi moja,
nikamalizia A.